Wangeci na Shule ya Ng'ambo

Kila Jumamosi asubuhi Wangeci alifagia uwanja wa nyumba yao, akapiga sketi yake pasi, akanywa chai akiwa amesimama, kisha akatoka Kawangware kwa miguu kuelekea Kibera. Baba yake, Bwana Nderitu, alikuwa mwenye ploti ya vyumba vya kupangisha, na wapangaji wote walimjua binti yake.

"Niaje, Wangeci? Leo tena ni masomo?" kijana mmoja aliyekuwa akichota maji alimuuliza.

"Leo tena," alijibu bila kusimama.

Alipofika Makina, alipitia kibandani kwa Mama Mercyline, muuza mboga za kienyeji. Kila mara alimkuta ameinamia rundo la saga au mrenda, akichambua majani huku akizungumza na wateja. Mumewe, Lusweti, alikuwa mwashi. Zamani familia hiyo ilipanga chumba katika ploti ya Bwana Nderitu, na Wangeci na Mercyline walikua wakiruka kamba katika uwanja mmoja. Baadaye wapangaji hao walihamia Kibera ili mama awe karibu na biashara yake, lakini wasichana hao hawakuachana. Wote wawili walikuwa gredi ya tisa, na kila Jumamosi walikwenda pamoja kwenye chama cha wasomaji, kilichokutana katika ukumbi wa kanisa mtaani Ayany.

Mlezi wa chama hicho alikuwa Mwalimu Musyoka. Ni yeye aliyewaeleza kwamba kuna shule za bweni nchini Marekani zinazopokea wanafunzi kutoka nchi za nje, na kwamba baadhi yake huwalipia karo wasiojiweza. Msichana mmoja wa chama hicho, Jackie, alikuwa tayari anasoma huko.

"Kuomba nafasi si kazi ya siku moja," Mwalimu Musyoka aliwaonya. "Kuna mtihani wa Kiingereza, kuna insha ya kujieleza, kuna mapendekezo ya walimu. Watakaopita hapo watahojiwa kupitia kompyuta, wao na wazazi wao. Na wanaoomba ni wengi sana."

Wangeci na Mercyline waliomba shule moja. Baba yake Wangeci alimnunulia kompyuta ya kupakata na kumtafutia mwalimu wa kumfundisha jioni. Mercyline alitumia kompyuta ya ukumbini kwa zamu, na zamu yake ilipoisha alimwachia mwenzake kiti akaendelea kuandika kwa kalamu, amekaa sakafuni. Wangeci alimhurumia. Moyoni alikuwa amekwisha kujiona ndani ya sweta ya shule ile, akimwandikia Mercyline barua za kumtia moyo.

Majibu ya kwanza yalikuja mwezi wa Januari. Mwalimu Musyoka aliwaita wasichana hao wawili pembeni.

"Wangeci, pole. Hawataendelea na ombi lako," alisema. "Hawakueleza sababu, na usiitafute sana. Kuna shule nyingine ambayo bado inapokea maombi, nami nitakuandikia mapendekezo. Mercyline, wewe wanataka kukuhoji. Na mama yako pia."

Mercyline aliweka mikono yote miwili mdomoni. Wangeci alimkumbatia.

"Hongera," alisema. "Hongera sana, wangu."

Aliyasema maneno hayo vizuri, na tabasamu likabaki usoni. Lakini ndani ya kifua chake kitu kilikuwa kimekaza kama kamba iliyovutwa, na njia yote ya kurudi Kawangware hakikulegea.

Nyumbani, baba yake aliposikia habari hizo aliweka kikombe chini.

"Nani? Yule wa Lusweti? Wale waliokaa kwenye vyumba vyetu vya mabati?" Alitikisa kichwa kwa mshangao. "Haya basi! Huyo mtoto ana kichwa."

Bwana Nderitu hakuwa na nia mbaya. Hata hivyo, Wangeci aliingia chumbani kwake, akafunga mlango, akaitazama ile kompyuta juu ya meza. Alitamani kuifunika kwa shuka asiione.

Tangu siku hiyo alianza kumchunguza Mercyline. Aliona jinsi alivyonyoosha mkono kabla ya mwalimu kumaliza swali, akasema moyoni kwamba anajionyesha. Aliona jinsi alivyocheka, akasema anajisikia. Watoto wadogo wa chama walipomzunguka Mercyline na kumuuliza kama huko Marekani kuna theluji kweli, Wangeci alijifanya anatafuta kitabu kwenye rafu ya chini kabisa, akabaki amechutama pale hadi walipotawanyika. Jambo lililomuudhi kuliko yote ni kwamba Mercyline hakubadilika. Aliendelea kumngoja njiani na kumuuliza kama amekula. Kama angeringa, ingekuwa rahisi kumchukia.

Jumamosi moja Mwalimu Musyoka alitaka Mercyline afanye mazoezi ya mahojiano.

"Wangeci, wewe Kiingereza chako ni kizuri. Jifanye ndiwe Mmarekani, umuulize maswali."

Wangeci alikaa nyuma ya meza. Aliuliza maswali ya kawaida, kisha akachagua moja alilojua ni gumu.

"Wanaotaka nafasi hii ni wengi, na wengine wamekushinda kwa alama. Kwa nini tukuchukue wewe?"

Mercyline alikunja mikono juu ya meza.

"Mimi huuliza sana," alijibu. "Nyumbani wanachoka. Darasani tuko wengi, mwalimu hawezi kunijibu kila mara. Ningependa kukaa mahali ambapo maswali yangu hayatakuwa usumbufu kwa mtu."

Ukumbi mzima ulipiga makofi. Wangeci hakupiga. Alikumbuka insha yake mwenyewe, iliyojaa maneno makubwa kuhusu uongozi na mustakabali wa bara zima, akajua kwamba hata angepewa mwaka mzima asingepata jibu kama lile. Kamba ile kifuani ilikaza zaidi.

Jioni hiyo Mercyline alibaki ukumbini kusaidia kupanga viti. Wangeci akatangulia, akapitia Makina peke yake. Mama Mercyline alimvutia kiti kidogo cha mbao.

"Karibu, mwanangu. Kaa hapa nikuulize kitu." Alishusha sauti. "Wewe baba yako ni mtu anayejua mambo. Hii shule ya Mercyline ni ya kweli? Mimi naogopa. Wewe mwenyewe unajua yaliyompata mama yake mdogo."

Wangeci alijua. Mdogo wa Mama Mercyline, Nasimiyu, alikuwa amedanganywa na wakala kwamba anapelekwa ng'ambo kufanya kazi ya hoteli. Alipofika huko alinyang'anywa pasipoti akafungiwa katika nyumba ya watu, akafanya kazi usiku na mchana bila malipo. Alirudi na mkono uliochomwa na maji ya moto, na hadi leo alikuwa akishtuka mlango ukigongwa.

Wangeci alihitaji kusema neno moja tu: ndiyo, shule ni ya kweli. Neno hilo lilimfika mdomoni. Kisha akasikia tena yale makofi ya ukumbini.

"Mimi nimeacha, mama," alisema taratibu. "Baba alikataa niende. Alisikia kuwa wasichana wengine wakifika huko hunyang'anywa pasipoti, wanafanyishwa kazi za nyumba. Shule ni jina tu."

Vidole vya Mama Mercyline vilisimama juu ya majani.

"Alisikia kwa nani?"

"Kwa watu," alijibu Wangeci. "Lakini tafadhali usiseme ni mimi niliyekuambia."

Aliaga akaondoka. Mwanzoni alihisi wepesi, kama mtu aliyetua mzigo. Alipofika karibu na kwao wepesi huo ulikuwa umekwisha, lakini alijiambia kwamba maneno ni maneno tu, na huenda mama yule asiyatilie maanani.

Mama Mercyline aliyatilia maanani. Jumamosi iliyofuata kiti cha Mercyline kilikuwa kitupu. Mwalimu Musyoka alitembea huku na huku, simu mkononi.

"Mama yake amekataa katakata," aliwaambia. "Hataki mahojiano, hataki kusikia jina la shule. Shule imekubali kungoja kidogo tu. Wasipomwona mzazi, nafasi itampita. Jamani, ni nani amemwambia nini yule mama?"

Wanachama walitazamana. Wangeci alifungua kitabu chake, akakodolea macho ukurasa asiousoma. Kulikuwa na kitu kibaya ndani yake kilichonong'ona: sasa mko sawa. Aliona aibu kukisikia, lakini alikisikia.

Baada ya masomo alikwenda kumwona rafiki yake. Alimkuta ameketi kitandani, macho yamevimba kwa kulia.

"Kuna mtu amemjaza mama maneno," Mercyline alisema. "Nimemuuliza ni nani, hasemi. Baba amejaribu kumbembeleza, wapi! Ati afadhali nikae hapa nikiwa mzima." Alijifuta uso kwa kiganja. "Wewe mama anakupenda. Ongea naye, Wangeci. Tafadhali."

Wangeci aliitikia kwa kichwa. Alipotoka nje, Mama Mercyline alikuwa akimngoja penye kona. Alimshika mkono, akamvuta kando na kumpa fungu kubwa la mrenda, lile bora la siku hiyo, limekwisha kuchambuliwa.

"Sijamwambia mtu jina lako, na sitasema," alimnong'oneza. "Najua umehatarisha urafiki wako ili uniambie ukweli. Umeniokolea mtoto. Mungu akubariki, mwanangu. Peleka hii kwa mama yako, mwambie ni shukrani yangu."

Wangeci alizibeba mboga zile hadi Kawangware. Mama yake, Wakarima, alizipika, na nyumba nzima ikasifu. Wangeci hakuweza kumeza hata tonge moja. Kama Mama Mercyline angemtukana, angeweza kujitetea. Kama angemshuku, angeweza kukana. Lakini mama yule alikuwa amemshukuru, tena ameubeba uongo wake kama siri, akivumilia machozi ya binti yake na lawama za mumewe ili kumlinda yeye, mwongo.

"Unaumwa?" mama yake aliuliza.

"Hapana, mama. Nimefanya kitu kibaya, na kesho nitakwenda kukisema. Nikirudi nitawaambia na nyinyi."

Wakarima alisogeza sahani kando, akasema, "Sawa. Nenda mapema, kabla moyo haujakushinda."

Siku ya pili, baada ya kanisa, Wangeci alikwenda Makina. Kibanda kilikuwa kimefungwa, akaenda hadi nyumbani. Lusweti alikuwa nje akisafisha mwiko wake wa kupigia lipu. Mama Mercyline alikuwa ndani, akipepeta mchele.

"Mama," Wangeci alisema kabla hajakaribishwa kuketi, "nilikudanganya. Baba hakusema chochote. Sikuacha kuomba. Niliomba kama Mercyline, wakanikataa, wakamwita yeye kwenye mahojiano. Nilikuwa na wivu. Hayo ya pasipoti niliyatunga kwa sababu nilijua yaliyompata mdogo wako Nasimiyu."

Ungo ulishuka polepole hadi mapajani. Mama Mercyline hakupaza sauti, na Wangeci alitamani angepaza.

"Ulijua," mama yule alisema. "Kwa hivyo ulitafuta kidonda changu, ukakitia kidole."

"Ndiyo, mama. Nisamehe."

"Ngoja kwanza. Mercyline! Njoo." Binti yake alipotokea kutoka nyuma ya pazia, alimwambia Wangeci, "Sema tena. Mwambie yeye."

Kumwambia Mercyline kulikuwa kugumu mara mbili. Alisikiliza hadi mwisho, asimkatize.

"Jana ulinikuta hapo kitandani," Mercyline alisema hatimaye. "Nilikuomba unisaidie, ukaitikia." Kisha akatoka nje, akampita baba yake bila kusema neno.

Wangeci alidhani kwamba akishasema kweli, mambo yatarudi kama zamani. Lakini Mama Mercyline alitikisa kichwa.

"Nimekusikia, na nimeamini kuwa ulidanganya. Lakini hofu uliyoiweka ndani yangu haitoki kwa sababu wewe umesema samahani. Kila nikifumba macho namwona Nasimiyu. Sasa nitaitoaje?"

Swali hilo lilimfuata Wangeci njiani. Badala ya kurudi nyumbani, alikwenda Ayany, akamkuta Mwalimu Musyoka akifunga ukumbi, akamwambia yote. Mwalimu alisikiliza, funguo zikiwa mkononi.

"Asante kwa kuniambia," alisema. "Lakini lazima uelewe jambo moja. Ile shule nyingine inaniuliza kama mwanafunzi ninayempendekeza ni mwaminifu. Mwaka huu siwezi kuandika kuwa ni mwaminifu. Nikiandika, nami nitakuwa nimedanganya. Tutaona mwaka ujao, kulingana na utakavyoishi."

Machozi yalimlenga Wangeci. "Naelewa, mwalimu. Lakini Mercyline bado anaweza kwenda. Jackie yuko kule. Mama yake akimwona Jackie kwa macho yake, amuulize mwenyewe, si atajua?"

Mwalimu Musyoka alifungua tena mlango wa ukumbi.

Siku chache baadaye Mama Mercyline alikubali kuja, kwa sharti kwamba hakuna atakayemlazimisha. Alikaa mbele ya kompyuta na leso yake ya Jumapili kichwani, Lusweti pembeni, Mercyline nyuma yao. Wangeci alisimama karibu na mlango. Uso wa Jackie ulipotokea kwenye kioo, mama alimsalimia, akauliza habari za masomo, akauliza chakula, kisha akalifikia lile alilolijia.

"Pasipoti yako iko wapi?"

"Iko hapa kwangu, mama. Ngoja." Walimwona Jackie akiinuka, akifungua droo, akirudi na kitabu kidogo. Alikifungua penye picha yake. "Hii hapa. Hakuna aliyewahi kuichukua."

"Ufunguo wa chumba?"

"Ninao. Mwenzangu pia anao."

"Ukiugua?"

"Niliugua mwezi wa kumi. Kuna nesi, na mama yangu alipigiwa simu siku hiyo hiyo. Lakini sitakudanganya, mama. Baridi ni kali, na mwanzoni nililia sana. Nilikosa hata watu wa kunitania."

Mama Mercyline alicheka, mara ya kwanza kwa siku nyingi. Labda kilichomtuliza hakikuwa pasipoti bali kule kukubali kwa Jackie kwamba alilia. Alimgeukia Mwalimu Musyoka.

"Sasa waiteni hao wa mahojiano," alisema.

Mahojiano yalifanyika wiki hiyo hiyo. Mama alizungumza Kiswahili, mwalimu akatafsiri. Mhojaji, mama wa makamo mwenye miwani, alimuuliza anachotarajia kwa binti yake. Mama alijibu kwamba kwanza ana swali lake: mtoto akilia, ni nani atakayemsikia? Mhojaji aliweka kalamu chini, akamjibu kwa jina la mlezi wa bweni na jinsi anavyoishi na wanafunzi. Walizungumza muda mrefu.

Mwezi wa Machi majibu yalikuja. Mercyline amepata nafasi, na karo yote italipwa na shule.

Ukumbi ulilipuka kwa vigelegele. Wangeci naye alipiga makofi, na wakati huo huo akahisi ile kamba ikikaza tena. Alishtuka. Alikuwa amefikiri kwamba baada ya kuungama na kuadhibiwa wivu ungekuwa umekwisha. Kumbe ulikuwa pale pale.

Mercyline alikuwa ameanza kuzungumza naye tena, ingawa si kama zamani. Alimsalimu, alimwazima vitabu, lakini hakumngoja njiani. Wangeci hakumlaumu. Kila Jumamosi alifika mapema kuwasaidia watoto wadogo kusoma, kwa sababu Mwalimu Musyoka alimpa kazi hiyo, na kwa sababu alianza kuipenda.

Mwezi wa Agosti, siku moja kabla ya safari, familia ya Lusweti ilialika majirani na marafiki kwa maombi na chakula. Bwana Nderitu alileta kreti ya soda. Nyuma ya nyumba, Wangeci alimsaidia Mama Mercyline kupakua wali. Walipokuwa peke yao, alisema kile kilichokuwa kikimsumbua.

"Mama, bado namwonea wivu. Hata leo. Nimejaribu kuacha, nimeshindwa. Naona kama mimi ni mtu mbaya."

Mama Mercyline aliendelea kupakua.

"Unamjua yule tunayeuza naye mboga, wa kibanda cha pili?" alisema. "Kuna siku mboga zake zinaisha zote kabla ya saa sita, na zangu zinanyauka nikizitazama. Unadhani sioni wivu? Naona, tena mkali. Lakini siku nitakapomwambia mteja kwamba mboga za yule zimekuzwa kwa maji ya mtaro, siku hiyo nitakuwa nimemwibia. Kuona wivu si dhambi yako, Wangeci. Unakuja wenyewe, bila kuitwa. Dhambi ilikuwa kuufanyia kazi. Ukiuona tena, fanya kama ulivyofanya sasa hivi: mwambie mtu unayemwamini, 'nina wivu,' kisha urudi kwenye kazi yako. Na kabla hujasema lolote juu ya mwenzako, jiulize kama ungelisema yeye akiwa ameketi hapo anakusikia."

"Umenisamehe, mama?"

"Ningekuwa sijakusamehe, ungekuwa unapakua chakula changu? Chukua hiyo sinia, wageni wana njaa."

Wangeci aliingia ndani na sinia ya wali. Chumba kilikuwa kimejaa hadi mlangoni. Alipomaliza kugawa, alitafuta mahali pa kuketi asipate, akageuka ili arudi jikoni.

Mercyline, aliyebanwa kwenye benchi kati ya shangazi zake, alimwona. Alisogea, akamsukuma shangazi mmoja kwa kiwiko hadi pakapatikana nafasi ndogo, kisha akaupiga ubao wa benchi kwa kiganja.

"Kaa hapa," alisema.